Ruhusa Niliyompa Baba Amna

Asmaa, upo? Nimefanya jambo.

Unajua nilimruhusu mume wangu aoe mke wa pili, yule Sofia wa Mbekenyera. Nilifikiri miezi mitatu, nikaridhika.

Leo tumekwenda sokoni Nachingwea kumnunulia kanga za posa. Asmaa, mwanaume kasoma maandishi ya kila kanga! Kila moja! Mimi miaka kumi na moja ananiambia, "Chukua yoyote, mama Amna."

Sikupaza sauti. Nikasema, "Baba Amna, ile ruhusa naomba unirudishie."

Akacheka mbele ya muuzaji. "Ruhusa siyo sufuria uliyoniazima, mke wangu."

Eti sufuria!

Nikamwacha hapohapo, nikapanda bodaboda. Niko Mbekenyera, mlangoni kwa baba yake Sofia. Nimeshapiga hodi.