Somo la Fomu na Jina Moja la Bibi

Sidorejo, Salatiga,
9 Machi 2023.

Mpendwa kaka Tegar,

Hujambo huko Taichung? Mkono ulioteguka kiwandani umepona? Sisi huku wazima, isipokuwa bibi yetu Mbah ana kikohozi, naye anakipiga vita kwa tangawizi asubuhi na jioni. Kila siku anauliza kama unakula wali wa moto. Mjibu mwenyewe, mimi nimechoka kumdanganya kwa niaba yako.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Ujumbe wa simu unausoma ukitembea, na hili nataka ulisome umekaa. Linahusu jarida letu la Mkekani, ambalo nusura nilifunge mwezi uliopita.

Kwanza habari njema. Ulipoondoka tulikuwa na wasomaji arobaini, nusu yao binamu zetu. Sasa wamefika elfu moja na mia mbili, kutoka Aceh hadi Flores, wote wanatengeneza programu za simu au wanajifunza. Kila baada ya siku tano, gulio la Pon likifika, wanapata barua pepe yangu: sheria mpya za duka la programu, masomo ya bure niliyoyajaribu mwenyewe, na yale ya kupoteza muda nayataja bila haya.

Somo lililopendwa kuliko yote ni la kutengeneza fomu ya kujisajili. Nililitoa kwenye lugha ya kigeni, nikalitafsiri, nikalijaribu, likafanya kazi. Zaidi ya watu mia moja wakalitumia. Nikavimba kichwa, sikufichi.

Mmoja wao ni Ratri, binti wa miaka ishirini na mbili wa Tengaran. Alitengeneza programu ya kuwakumbusha kina mama siku ya kupima watoto uzito. Mkunga wetu, Bu Endang, akakubali ijaribiwe kwenye kituo cha mtaani, na ikifaa itumike kata nzima. Unajua Mbah ndiye mshika mizani pale tangu sisi tulipokuwa tukining'inizwa humo. Akapewa simu yeye wa kwanza.

Akaandika Sutinem. Yakatokea maandishi mekundu: jaza jina la mwisho. Akabonyeza tena, mekundu tena.

"We Wening, hebu njoo umwone huyu mtoto wenu wa simuni!" akaniita. "Ananidai jina la pili. Baba yangu alinipa moja, na mpaka leo halijaisha!"

Wanawake walicheka mpaka watoto wakaanza kulia. Lakini kati yao ishirini na watatu, kumi na wanne wana jina moja tu. Huyu akaandika nukta, yule jina la mume, mwingine jina la kijiji. Bu Endang akamrudishia Ratri simu kwa upole, akasema hawezi kumtafuta mama wa mtoto mgonjwa anayeitwa nukta.

"Dada, mbona nimefuata somo la Mkekani mstari kwa mstari?" Ratri akaniuliza, machozi yakimlengalenga.

Kaka, niliona aibu ya kufa mtu. Mimi mwenyewe ni Wening tu! Nilipolijaribu lile somo nilijaza "Wening Wening" bila hata kufikiri, kama ninavyofanya miaka yote kwenye tovuti za wageni, na kama ulivyofanya wewe kwenye tiketi ya ndege. Tumezoea kujiandika mara mbili mpaka hatuoni tena.

Nikaandika tangazo la kuwaaga wasomaji. Ratri akalisoma kabla sijalituma, akanikunjia uso.

"Ukikimbia, wale mia waliochukua somo lako watajuaje? Rekebisha kwanza, dada. Aibu utaona baadaye."

Basi nikatoa toleo zima juu ya kosa langu, jina langu juu kabisa. Nilitarajia matusi. Badala yake wasomaji themanini wakaniandikia kwamba wamerekebisha fomu zao, na mmoja wa Makassar alianza hivi: "Mheshimiwa mhariri Wening Wening, poleni nyote wawili." Nilicheka peke yangu jikoni.

Siku ya kupima ya mwezi huu, Ratri alirudi na fomu yenye nafasi moja ya jina. Mbah akaandika Sutinem, akabonyeza, akaisogeza simu mbali na macho yake. Ikaandika: Karibu, Sutinem. Safari hii hakutania. Aliishika kidogo, halafu akampa jirani. Bu Endang amekubali kata nzima ianze Aprili, na mimi nimelichana lile tangazo.

Sasa toleo lijalo ni zamu yako: lile somo la programu zinazofanya kazi bila mtandao, uliloahidi tangu mwaka juzi. Jirani yetu Bu Warsi anakuja huko wiki ijayo, nimempa pakiti mbili za kashata za karanga. Wagawie wenzako wa chumbani, usizifiche.

Mama, mjomba Paijo na Ratri wanakusalimu. Mungu akulinde na mashine zile, akurudishe ukiwa mzima. Najua kadi ya kiwanda inakuita Tegar Tegar. Huku nyumbani Mbah bado anakuita mara moja tu, kila akipakua chakula, halafu anakumbuka kwamba hupo.

Nikupendaye siku zote,
Wening.
(Mara moja tu.)