Bao la Mlango wa Nyuma

Rua do Algodão,
Caruaru, Brazili.
9 Julai

Mpendwa mdogo wangu Ednaldo,

"Mashine ikihesabu bao, hilo ni bao. Mengine ni kelele za walioshindwa."

Maneno hayo ni yako. Umeyasema kwa sauti yako mwenyewe kwenye kundi la familia, ukiwa umekaa zako Hamamatsu huko Japani, na hapa mtaani yameenea kama moto kwenye nyasi kavu. Mimi nayakataa. Nimeshika kalamu kwa sababu jumbe zangu za sauti unazizima katikati. Barua huizimi.

Lakini sikulelewa porini, kwa hiyo tuanze na salamu. Hujambo? Harumi hajambo? Mgongo wake umepata nafuu tangu walipomtoa kwenye zamu ya kusimama? Watoto wameanza kula maharage, au bado wanakushinda? Nasikia joto la huko mwezi huu halina adabu.

Sisi ni wazima. Mama yangu goti linamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Mama mdogo Gildete, mama yako, naye ni mzima. Habari hiyo naipata kwa majirani, maana tangu siku ya fainali ya mashindano yetu ya gemu hanikaribishi hata kahawa. Anasema nimemkana ndugu yangu mbele ya watu.

Mvua mwaka huu ilitukumbuka. Mahindi yalikuwa mengi, na sikukuu ya Mtakatifu Yohane ilifana mpaka mkesha wenyewe, mpaka fainali. Hiyo fainali wewe umesimuliwa na mtu mmoja tu, naye ndiye mshtakiwa. Sasa sikiliza na upande wa refa, ambaye ni mimi.

Tulikuwa ukumbini kwa chama cha wakazi, mbele ya ile televisheni nene, na mashine ya gemu ya kijivu ya Bi Zuleide, na kaseti ileile ya mpira, Golaço, tuliyojifunzia sote alipokuwa na duka la kukodisha gemu kwa saa. Upande mmoja kakaa nduguyo Jocimar. Upande wa pili kakaa Bi Zuleide mwenyewe, miwani moja puani na nyingine kichwani. Tangu mashindano haya yaanze hakuwahi kufika fainali kabla ya siku hiyo. Watu walijaa mpaka madirishani. Akipiga pasi, wanawake wanaitikia, "Shona, mama, shona!" Rafiki mmoja wa Jocimar akapaza sauti, "Jocimar, usimwonee fundi cherehani wa watu, atakukatia suruali fupi!" Bi Zuleide hakugeuka. "Fupi alishazivaa," alisema. "Tena bila vifungo. Mimi ndiye niliyemwona." Ukumbi ukalipuka.

Walikuwa mbili kwa mbili. Saa ya kwenye kioo inakaribia kwisha, Jocimar akakimbiza mpira hadi karibu na kibendera cha kona, akakata ndani kwa mshazari, akapiga. Kipa akaruka upande usio na mpira, kama anavyoruka kwa kila mtu, kila mara, tangu kaseti ile itengenezwe. Bao la mlango wa nyuma.

Na wewe unajua kinachofuata. Ukilifunga bao hilo, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, unaweka padi ya kuchezea pajani, unakunja mikono, unamwacha mwenzako atembee na mpira mpaka wavuni. Kisha mchezo unaendelea. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Bi Zuleide aliileta dukani kwake kwa sababu mlikuwa mnakaribia kuvunjiana viti vichwani. Tangu hapo nimeona wachinjaji wa sokoni, watu wasiomwogopa hata padri, wakiweka padi pajani na kutazama dari.

Ukumbi mzima ukaanza, "Weka! Weka! Weka!"

Jocimar hakuweka. Alinigeukia mimi. "Dada, mashine imehesabu."

"Nami ndiye refa. Weka padi, Jocimar."

"Refa yumo humo ndani ya televisheni, na hajasema kitu."

Wapo waliocheka, na kicheko hicho ndicho kilichompa nguvu. Tukiwa bado tunabishana, filimbi ya mwisho ikalia. Bi Zuleide alichomoa nyaya moja moja, akazizungusha mkononi, akaitia mashine kwenye mfuko wa unga, akatoka. Kikombe alikibeba nduguyo. Sasa hivi kiko juu ya friji la mama yako.

Tuje kwenye hoja yako. Unasema mashine ikihesabu imekwisha. Ednaldo, mashine inajua kuhesabu, haijui kucheza. Mizani nayo inahesabu. Wewe umelelewa na mwanamke aliyeuza maharage sokoni, ukamwona kila siku akiongeza konzi moja juu ya kipimo. Nani alimwamuru? Mizani? Wateja walimrudia kwa ajili ya konzi ile, na ndiyo iliyokuvalisha viatu vya shule. Leo unatufundisha kwamba mwisho wa haki ni pale sindano ya mizani inaposimama!

Tena sikuridhika na maneno. Golaço ilitoka pia kwa ile mashine ndogo ya kushika mkononi, mwaka mmoja baada ya hii kubwa. Fundi redio Adeilton anayo moja inayofanya kazi. Nilikaa kwenye benchi lake nikapiga shuti lile mpaka kidole gumba kikaota lengelenge. Kipa anadaka. Kila mara anadaka, tena kwa dharau. Maana yake walioitengeneza, hao majirani zako wa huko, waliona wenyewe kwamba ni kosa, wakaliziba.

Nikaichukua ile mashine ndogo, nikaenda nayo kwenye kibanda cha Jocimar anapouzia viatu vya ngozi. Akapiga, akadakwa. Akapiga tena, akadakwa. Akanirudishia akitabasamu.

"Haya, siku tukicheza kwa hii, nitaweka padi."

"Kwa hii bao lenyewe halipo, we mtoto! Utaweka kwa lipi?"

"Ndiyo hivyo, dada. Kila mashine na sheria zake. Kaka Ednaldo kashasema."

Hapo ndipo nilipojua kwamba ninayebishana naye hayupo kibandani. Na nikaona pia kwamba ushahidi wangu wa kidole chenye lengelenge haukuwa na maana sana. Hata kama watengenezaji wangelikusudia bao lile, hata kama wangeliandika kwa wino wa dhahabu kwenye boksi, sisi tulikubaliana. Wao waliuza kaseti. Mashindano ni yetu.

Ulisema pia kwamba tunataka kupindua matokeo kwa kumhurumia mama mmoja. Nami nilikwenda kwake nikidhani nitamkuta analia. Nilimkuta anashona, mfuko wa unga uko chini ya meza, miguu kaiegemeza juu yake. Nikamwomba arudishe mashine. Bila hiyo mwakani hakuna kitu, na Jocimar ameanza kupigia debe toleo jipya la kuchezea kwenye simu, kila mtu akiwa kitandani kwake.

"Kikombe wakae nacho," alisema.

"Sasa unataka nini, Bi Zuleide?"

"Marluce, nimefungwa mabao mengi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Sililii bao. Yule kijana alikaa bega kwa bega na mimi. Jasho lake nalinusa, langu analinusa. Halafu anasema mashine. Kwani mashine ndiyo iliyomfundisha kushika padi?" Akakata uzi kwa meno. "Aje akae hapa, aweke padi pajani. Nikifunga, nisipofunga, hilo shauri langu. Siku hiyo mashine inarudi ukumbini."

Ni hilo tu, Ednaldo. Basi nimehangaika. Mwenyekiti wa chama anasema ni mambo ya familia yetu. Familia yetu inasema ni mambo ya chama. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama gemu yenyewe ina timu ya Caruaru. Nimepambana kwa barua zangu gazetini na mameya wawili na mwenye kiwanda cha ngozi anayemwaga maji machafu mtoni, na wote hao walau walinijibu. Nimeshindwa na padi moja. Ukumbi umefungwa kwa kufuli. Ijumaa wale wazee waliokuwa wakija kucheza walikaa nje kwenye ngazi, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Mama yangu anakusalimu na anauliza utaleta lini watoto awaone. Shangazi Creuza naye anakusalimu, amepata meno mapya na anayaonyesha kwa kila mtu. Nisalimie Harumi sana, mwambie sindano za cherehani alizotuma, Bi Zuleide anazitumia kila siku. Mungu awakinge na mitetemeko ya ardhi na wasimamizi wa zamu wasio na huruma.

Sasa nisikilize, wewe na Harumi pia, maana najua unamsomea. Jumapili ya kwanza baada ya kupata barua hii, mama mdogo akipakua chakula, Jocimar atakuwa mezani. Huko kwenu utakuwa usiku wa manane. Kesha. Piga simu, mwambie mama aweke sauti juu ili wote wasikie, kisha useme kwamba ulikosea. Mwambie mdogo wako anyanyuke mezani kabla kahawa haijaletwa, avuke barabara, aende kwa Bi Zuleide, na usikate simu mpaka usikie mlango ukifunguliwa. Harumi, akisinzia, mwamshe. Mimi msinijibu. Mjibuni Bi Zuleide.

Wako akupendaye hata anapokugombeza,
dada yako,
Marluce