Jeshi ya chukudu

Siku ya ine, magaribi. Andika vile ninasema, mujukuu, usitengeneze.

Leo nimepeleka jeshi mupya kwa bale banaume banacheza vita juu ya meza, na baaskari ba udongo badogo kama kidole, benye ninabafinyangiaka. Banapendaka kazi yangu. Nimefungua kitambaa, mumoja akauliza:

«Mama, bunduki iko wapi? Hizi ni chukudu tu, baiskeli za miti za kusukuma, na magunia ya makala.»

«Na huyu anabeba mutoto. Atapiga nani?»

Bakacheka. Imeniuma, sifichi. Miezi mbili nimemalizia macho ku magurudumu ile. Ninaogopa hawatachukua tena kazi yangu. Kwetu Masisi nilifinyangaka nyungu, hakuna mutu alicheka nyungu...

Njo mwenzao Papa Bahati, mwenye kusukuma chukudu tangu ujana, akashika moja. «Ku muteremuko ya Kibumba askari gani atafikia hii? Na bale baaskari benu banakulaka nini, kama hii haibaletee chakula?» Bakaanza kubishana kanuni za muchezo, chukudu itembee hatua ngapi, bakanisahau.

Papa Bahati ameona kosa moja: nimesahau fren, kile kipande ya pira ya kusimamishia ku gurudumu ya nyuma. Ni kweli.

Kesho ninaweka fren ku zote kumi na mbili. Bunduki, hapana.