Miche Niliyoipaka Rangi Nyekundu

Mjukuu wangu Kokusima,

Hapa Nyanga hatujambo, na babu yako ameanza tena kutembea hadi kibanjani, kwenye migomba yetu. Unauliza kama faili za programu zenu zote zitumie usimbaji mmoja wa herufi, yaani namna moja ya kuzigeuza herufi kuwa namba, au kila kompyuta ijichagulie wake. Kompyuta siijui. Ila nilipokuwa msichana, kwenye kitalu cha kahawa kule Muleba, niliipaka rangi nyekundu miche ya kutunzwa, nisimwambie mtu. Nilidhani inaeleweka. Mwenzangu Paulina akadhani nyekundu ni ya kung'olewa, akaing'oa yote. Alifukuzwa kazi, nami nikanyamaza.

Chagueni mmoja, mwanangu, na muuandike.

Paulina tumemzika wiki iliyopita. Miaka yote aliniomba msamaha kwa ile miche, nami nilimsamehe.

Bibi yako