Mbegu za maboga zimevunda

Shighatini, Jumatano, Novemba 1951

Chupa nzima ya mbegu imevunda, na mvua za vuli zimeshaanza.

Bwana shamba alituambia tuzianike siku tatu, kisha tuzibe chupa kwa nta. Siku tatu za kwao Same, sawa. Huku mlimani mwezi wa saba jua lilitoka mara mbili tu, nami nikaziba hivyo hivyo.

Tena nilimcheka mama mkwe kwa kutundika zake juu ya mafiga, ndani ya kibuyu cheusi kwa masizi.

Jioni hii amekiteremsha, akanigawia nusu. Kavu, zinagongana.

"Asante, mama."

"Wahi kupanda," akasema, akarudi kwenye chungu chake.

Afadhali angenisema. Nimenawa mara mbili, mikono bado inanuka moshi.