Mavyaa Ndani ya Gari

Ijumaa, 18 Novemba 2022

Wamekifunga leo. Kidude cheusi, kama rimoti ya televisheni, kina mrija wa kupulizia na waya unaoingia chini ya usukani. Unapuliza, kinanusa kama una pombe. Kikiridhika, gari linawaka. Kisiporidhika — tembea kwa miguu! Na kakamera juu ya dashibodi, kanakupiga picha mashavu yamevimba.

Adhabu ni ya mume wangu Norb, aliyekamatwa akiendesha amelewa. Lakini gari tunalo moja! Kwa hiyo na mimi, Lavonne Glodowski, ambaye polisi hajawahi kuniuliza hata saa ngapi, napuliza. Napuliza kwa brandi ambayo sikuionja. Fundi akaanza kunifundisha: vuta pumzi, puliza huku unavuma kooni. Nikamwambia, kijana, mimi naimba kwaya, usinifundishe kuvuma.

Norb alisimama mlangoni mwa karakana, kofia mkononi, anatazama viatu vyake. Mwaka mzima atapuliza. Na leseni ya lori nayo imefungiwa mwaka mzima. Amekusanya maziwa ya wakulima wa huku tangu nywele zake zikiwa nyekundu, na sasa lori lake analiendesha mtu wa Wausau asiyejua hata mbwa wa nani anauma. Bosi kamwambia waziwazi: maliza mwaka safi, lori lako lipo. Kidude kikirekodi kosa moja tu — usirudi.

Kesho msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa na yeye yuko nyumbani. Haijatokea tangu tuoane! Ameapa hatagusa hata tone. Aliapa bila mimi kumwomba. Nampenda huyu mzee, Mungu anisaidie.

Jumanne, 6 Desemba

Nimekipa jina. Mavyaa! Mama yake Norb, Mungu amrehemu, alikuwa hivi hivi — ananusa, anapiga kelele bila sababu, haniamini hata nikiwa nimetoka kuungama.

Leo nililiacha gari linanguruma mbele ya duka la jibini, niingie mara moja tu. Kumbe gari likiwa linawaka kinaweza kukutaka upulize tena wakati wowote! Kikalia, mimi sipo, kikaona nimekikimbia. Honi paaa! Taa zinawaka na kuzimika! Watu wote dukani wametoka na vikapu vyao kutazama. Nimerudi mbio na jibini mkononi sijalipa.

Norb alipauka niliposimulia. Akaniuliza mara tatu kama nilipuliza kwa wakati. Nilipuliza. Akakaa chini.

Halafu — kumbe ni cha kukodi! Nilidhani serikali inatoa bure kama chanjo. Kila mwezi tunalipa, na kila baada ya miezi miwili tunakipeleka kikapimwe, mwendo wa saa nzima. Mshahara wa Norb wa kibarua chake cha sasa, kupakia mbao, hautoshi hata hasira. Nimeuza cherehani ya pili.

Jumapili, 26 Februari 2023

Aibu! Naandika huku nacheka na kulia.

Theluji hadi magotini, kanisani tulikuwa watu wa kuhesabika. Lakini Padri Ambrose alikuwa ametayarisha divai ya kanisa lililojaa. Na kwetu divai ikishabarikiwa haimwagwi, hairudishwi kabatini. Mhudumu wa kikombe anaimaliza. Mhudumu leo nani? Mimi! Nikaimaliza, kwa heshima zote, nyuma ya nguzo. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima!

Norb mgongo ulimkaza kwa kusukuma theluji, hivyo ilikuwa zamu yangu ya usukani. Nikapuliza bila kufikiri. Kikakataa! Kikaandika kwa herufi nyekundu. Norb akashika dashibodi kwa mikono miwili. "Lavonne. Lavonne, umefanya nini? Kazi yangu!" Sauti ilikuwa ndogo kabisa, kama ya mtoto aliyevunja sahani.

Nyuma yetu Marlys, shoga yangu wa kwaya, anapiga honi tutoke. Padri akaja na majoho yake yote, akaingiza kichwa dirishani. "Kuna nini, wanangu?" Kamera — chwa! Ikampiga picha yeye.

Norb alikimbilia sakristia na mgongo wake uleule, akarudi na jagi la maji. Nikasukutua, nikatema thelujini, nikasukutua. Kikatupa nafasi ya pili. Nilivuma wimbo mzima. Kikakubali. Ilikuwa ni divai ya mdomoni tu, lakini kosa limeshaandikwa, na uso wa padri uko ndani yake!

Jumatano, 1 Machi

Padri Ambrose kaenda mwenyewe kwa bosi wa Norb. Kasema, "Kosa ni langu, nilimimina kwa imani kubwa mno." Bosi kacheka mpaka akakohoa. Ameifuta moyoni mwake, lakini kasema hiyo ni ya mwisho.

Norb usiku hakula. Nilimwambia, baba, si wewe uliyekosa. Akasema ndiyo maana inauma — sasa kila mtu akiingia humo anashika roho yangu mkononi. Kuanzia leo tukiwa wawili garini, anaendesha yeye. Anapuliza yeye. Anataka pumzi yake ionekane.

Nimemwambia padri atafute mhudumu mwingine wa kikombe. Anayekuja kwa miguu.

Jumanne, 16 Mei

Mbunge wa jimbo alikuja maktaba kusikiliza wananchi. Wanataka kupanua sheria: kila anayekamatwa amelewa, hata mara ya kwanza, hata kama amezidi kidogo tu, afungiwe kidude. Mheshimiwa ana tai nzuri. Kasema gharama yake ni ndogo, haizidi kikombe cha kahawa kwa siku.

Nilikuwa nimekuja kusikiliza tu. Haki ya Mungu! Nikajikuta nimesimama.

Nikasema, mheshimiwa, kahawa hiyo nani anainywa? Maana mume wangu alikunywa brandi, na anayelipa kahawa ni mimi. Mashavu ni yangu, cherehani ilikuwa yangu. Binti yetu akiazima gari anapuliza, padri akichungulia anapigwa picha. Mnamfungia mtu mmoja, mnafunga ukoo!

Watu wakapiga makofi, Marlys akapiga mluzi. Mheshimiwa akaandika kitu, au alijifanya.

Kisha akasimama mama mmoja nisiyemjua, kutoka upande wa mtoni. Kasema mwanawe aligongwa na mtu aliyekuwa amekamatwa mara moja tu kabla. Akasema, "Mimi hiyo kahawa ningeilipa." Akakaa. Hakupiga kelele hata kidogo.

Nilitazama mikono yangu. Kisha nikachukua koti langu.

Norb alikuwa ananisubiri nje garini. Akauliza nimesema nini. Nikamwambia nimemtetea. Akasema, "Usinitetee sana, mama. Huwa inanipa kiburi."

Ijumaa, 14 Julai

Samaki wa Ijumaa, baa ileile, meza ileile. Norb kaagiza soda na cheri tatu. Shemeji Clete, ndugu yake, hakuacha kumchokoza. "Norb, unataka na mrija wako? Au umeuacha garini?" Baa nzima inacheka. Norb naye anacheka, kashika glasi kwa mikono miwili.

Mimi nikamwambia Clete, shemeji, kidude hiki ungefungiwa wewe, gari lako lingeoza uani. Na miti ingeota ndani. Hapo wakacheka kwa nguvu zaidi, naye akaninunulia viazi.

Clete si mtu mbaya. Ila kwake mwanamume asiyekunywa ni mgonjwa, na mgonjwa anaombewa apone.

Ijumaa, 27 Oktoba

Kila mtu anamsifu Norb! Fundi kasema hajaona rekodi nzuri hivi, ukiacha "ile ya padri." Bosi kampigia simu mwenyewe: Jumanne ya tarehe ishirini na moja Novemba arudi kazini, alfajiri, njia yake ileile. Wakulima wanamuulizia. Marlys kaoka keki. Norb anatembea kifua mbele, anapiga mluzi bafuni, ananunua glavu mpya.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Nifute? Acha.

Alhamisi, 9 Novemba

Anataka kwenda kambini kuwinda. Na Clete, kwa gari la Clete. Usiku mbili tu, Ijumaa na Jumamosi ya wiki ijayo. Mavyaa anang'olewa Jumatatu saa nne asubuhi, lori Jumanne.

Nikasema, Norb, huwezi kusubiri mwakani?

Akasema, "Mwaka mzima nimepuliza kila nilipoambiwa puliza. Siwezi kukaa na ndugu yangu siku mbili bila mlinzi?"

Ningejibu nini? Akikaa nyumbani kwa sababu nimemkataza, basi mimi ndiye Mavyaa. Nikamwambia nenda. Nikamfungia soseji na soksi.

Jumamosi, 18 Novemba

Nyumba kimya. Nimeoka mkate wa kitunguu, nimesafisha jiko, nimesafisha jiko tena. Tangu asubuhi nasikia bunduki za watu kwa mbali. Nimepanga kumfuata kesho baada ya misa, Clete anabaki kule wiki nzima.

Marlys kapiga simu. Mheshimiwa wa tai anakuja tena Desemba, na safari hii wanataka nizungumze mbele kabisa, na Norb akae pembeni yangu kama mfano. Mfano wa nini, nikamuuliza. Kasema wa kwamba mtu anaweza kuacha pombe mwenyewe, bila sheria kuivalisha familia nzima hatamu. Nikasema nitafikiri. Uongo — nimeshaanza kuchagua blauzi.

Jumapili, 19 Novemba

Saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia. Niandike kwa utaratibu.

Nilifika kambini saa nane. Kulungu watatu wametundikwa, mmoja wa Norb, mkubwa. Clete akanikumbatia, ananuka kiwanda cha pombe. Nikacheka. Norb akatoka kwenye kibanda na begi, uso mwekundu kwa baridi. Anatafuna kitunguu kibichi na soseji. Saa nane mchana, kitunguu kibichi! Akanibusu kwenye kofia. Si shavuni — kwenye kofia.

Tukamfunga kulungu juu ya gari. Alikuwa mchangamfu, anasimulia alivyomsubiri, alivyojizuia kupiga chafya. Nilikuwa na furaha kweli. Nikamnyooshea funguo kama kawaida.

Akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria.

"Endesha wewe, mama. Nimechoka."

Nikasimama na funguo zangu hewani. Clete akageuka ghafla kwenda kutazama kuni.

Nikaingia. Nikapuliza, nikavuma. Kikakubali, mara moja, bila neno. Njiani kikalia tena, nikapuliza tena, kikakubali tena. Norb akatazama mashamba dirishani upande wake. Mavyaa hakuuliza habari za abiria. Haimhusu! Mwaka mzima nimemtukana kwa kutuamini kidogo, na leo katuamini wote wawili.

Karibu na daraja nikamuuliza. "Norb, umekunywa?"

Akasema, "Kidude kimelia?"

"Kimesema mimi sina pombe."

"Basi," akasema. Akafunga macho, lakini hakulala. Namjua anavyolala.

Sheria haikuvunjwa. Rekodi ni safi. Kesho saa nne fundi atakata waya, atatupongeza, Jumanne kabla ya jogoo Norb atakuwa juu ya lori la tani za maziwa kwenye barabara ya barafu, na watoto wa shule wamesimama gizani wanasubiri basi. Halafu Desemba mimi na blauzi yangu nitasema mbele za watu kwamba kahawa ni ghali. Mungu nisamehe — nimetamani kidude kibaki. Mimi!

Naweza kumwambia apulize sasa hivi. Kikimkataa, kimeandika, na lori limekwenda, nami ndiye niliyemsukuma. Nisipomwambia, kesho asubuhi atakuwa safi kama maji ya kisima, na hakuna atakayejua isipokuwa mimi, Clete na Mungu. Na Clete hasemi.

Theluji imeanza. Gari liko uani, kulungu bado yuko juu. Kila jioni ya theluji Norb ndiye anayeliingiza gereji ya nyumbani, hata akiwa na homa, hataki nishike kazi hiyo, na bila kupuliza haliwaki. Amekaa hapa mbele yangu jikoni, ameoga, anatafuna mkate wangu. Anadhani naandika vitu vya kununua kwa sikukuu.

"Theluji," kasema.

"Naiona."

"Gari litafunikwa."

"Litafunikwa."

Akamega kipande kingine. Nimezitoa funguo mfukoni mwa aproni, nimeziweka mezani, nimezisukuma taratibu mpaka upande wake. Ameacha kutafuna. Anazitazama.