Mafuta Yaliyoliwa na Nguo

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi huku sijambo, ila usingizi umenipiga chenga na chai inanipolea mkononi. Ahsante kwa sabuni uliyonitumia. Wapangaji wenzangu wote wamekuja kuomba vipande, na yule mama wa chumba cha pili kachukua mche mzima bila haya, akasema nimsalimie sana huyo kaka mwenye mkono wazi. Basi umesalimiwa.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ukinikatiza napandisha hasira, halafu tungegombana tu mpaka salio liishe. Kwa hiyo kaa chini, soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Umezoea kunitania kwamba kazi yangu ni kuhesabu chakula cha watu huku mwenyewe nina njaa. Leo nikueleze vizuri ninachohesabu. Ofisini kwetu tunakadiria mafuta ambayo mtu mmoja anayapata kwa siku, nchi kwa nchi, katika ukanda wetu mzima: ya maziwa, ya nyama, ya karanga, na haya ya kupikia yanayoletwa na meli. Hatumuulizi mtu amekula nini. Tunachukua yaliyozalishwa nchini, tunaongeza yaliyoingia, tunatoa yaliyouzwa nje na yaliyoharibika, na yanayobaki tunawagawia watu wote kwenye hesabu, mzee na mtoto mchanga sawasawa. Miaka yote mstari wetu kwenye grafu ulikuwa chini. Mafuta ya maziwa na nyama yamekuwa yakipungua karibu kila nchi, maana watu wanaongezeka kuliko mifugo, na ya kupikia yamekuwa yakiziba pengo hilo polepole. Majirani zetu wanapanda kidogo kidogo. Sisi, mara paa, tumewapita wote.

Mkuu wangu alifurahi, usiseme. Alituita tukaizunguka meza yake, akatuonyesha ule mstari kwenye kompyuta, akasema safari hii atakwenda kwenye mkutano wa ukanda kifua mbele. Halafu akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba nchi ikishavuka kiwango kilichowekwa cha mafuta kwa kila mtu hutolewa kwenye mpango wa mafuta ya watoto. Ndiyo, kaka. Yale madebe ambayo wifi anachanganya na unga pale kliniki kwa watoto waliokonda. Mkuu akisaini tu, madebe yanasimama.

Nilimwambia ule mstari una kasoro. Akaniuliza kasoro gani, nikamwambia nitaichunguza. Nikampigia wifi, nikijifanya namuulizia habari za kazi. Alinieleza kuwa uzito wa watoto haupandi, na kwamba kina mama wanamwambia siku hizi sufuria wanaipaka mafuta kwa kidole. Nilipomgusia takwimu zetu alicheka kwa uchungu. Akaniambia, "Hayo mafuta mnayosema tunakula, wifi, tunayalia wapi?"

Kaka, hapo nikakumbuka kiwandani kwenu. Nilijua yanaliwa wapi.

Unakumbuka nilipokuja kukutembelea kiwandani, ukanitembeza kama mgeni rasmi? Lile lori la tangi lilikuwa limeandikwa ubavuni MAFUTA YA KULA, herufi kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu, na mpira wake umeingizwa kwenye pipa la kuchemshia sabuni. Nilishangaa. Wewe ukaniambia ndivyo tajiri wako anavyofanya: yakiingia kama ya kula yanapita bandarini upesi bila ule ushuru wa mali ya kiwandani, nawe unasaini kwamba yamekwenda kupakiwa kwenye chupa. Ulikuwa unacheka. Nami nikacheka, nikasema basi nguo za nchi hii zinakula vizuri kuliko wenye nguo. Tulicheka hadi yule fundi wa mapipa akageuka kututazama.

Utani wangu ule ndio umekaa kwenye ripoti, kaka. Meli imeleta, lori limebeba, wewe umesaini, sisi tumeligawia kila tumbo sehemu yake. Na hicho hakiwezi kuwa kiwanda chenu peke yake.

Nilihangaika kutafuta njia ya pembeni. Nilimwomba mkuu apunguze kiasi fulani kwa ajili ya viwanda, hata cha kukisia tu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba hapunguzi kitu kwa hisia za mtu, na kama kuna aliyeona aseme. Nikarudi kwenye kiti changu, nikanyamaza. Unajua mimi na kunyamaza hatujawahi kupatana.

Ijumaa tuliitwa kwenye chumba cha mikutano. Feni lilikuwa bovu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kelele za barabarani, na ripoti iko mbele ya mkuu na kalamu juu yake. Akauliza kama kuna mwenye neno. Nikakufikiria wewe. Nikamfikiria mama, nani atamnunulia dawa. Nikawafikiria wale watoto kwenye mizani. 

Kaka, niliinua mkono.

Nilisema nimeona kwa macho yangu. Wakauliza wapi, nikataja kiwanda. Wakauliza nani alinieleza. Ningeweza kusema sikumbuki. Nikasema, "Ni kaka yangu wa tumbo moja. Yeye ndiye anayepokea na kusaini."

 Mkuu akaifunika kalamu yake. Ripoti haikusainiwa, madebe yanaendelea mpaka ukaguzi ufanyike. Wakaguzi wanafika kwenu Jumatatu mchana. Nilimfuata mkuu nikamwomba uje mwenyewe ofisini kwetu asubuhi hiyo, kabla yao, ueleze kila kitu kwa kinywa chako. Amekubali kukusikiliza. Hakuniahidi zaidi ya hapo, nami sitakudanganya. Ila namjua tajiri wako: wakikukuta getini atasema hajui lolote, na saini ni yako.

Siombi msamaha, maana hata kesho ningeinua tena. Lakini naumia, kaka, na nisingependa ulisikie hili kwa mtu mwingine. Kitanda nimekutandikia. Barua nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi. Njoo, hata kama ni kuja kunitukana kwanza.

Nibusie watoto. Msalimie mama, na usimweleze kitu mpaka aweze kusimama. Wifi sijamwambia. Jumatatu ana zamu ya kupima uzito, na si vizuri alipate hili akiwa mbele ya watu. Mwambie wewe mwenyewe kabla hujaondoka, kabla hajampandisha mtoto wa kwanza kwenye mizani.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniita Chiriku tangu utotoni kwa kuwa sijui kufunga mdomo.